Kompyuta Iliyoharibika kwa Zamu

Shemeji yangu hajui kualika mtu. Ukikutana naye njiani atakusalimu vizuri, atauliza hali ya watu wa nyumbani kwako mmoja mmoja, kisha atanyamaza akitazama viatu vyako, na hapo utajua mwenyewe kwamba mazungumzo yamefungwa. Neno "karibu" halimtoki. Si kwamba ana roho mbaya, hata kidogo. Ni ulimi tu umekuwa mzito. Dada yangu, ambaye alikuwa mkewe, ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yake miaka yote ya ndoa yao. Yeye akinuna, dada anamsemea. Akifurahi, dada anamchekea. Dada alipofariki, nyumba ile ilibaki na kila kitu isipokuwa sauti.

Kwa hiyo mimi sikuwa naitwa na shemeji. Nilikuwa naitwa na kompyuta yake.

Nijitambulishe kidogo, si kwa majivuno, ni kwa faida yenu. Shule mimi niliiacha njiani, au tuseme tulichokana, lakini vyombo vya umeme vinanijua na vinaniogopa. Nimetengeneza redio, pasi, mafeni, na kengele ya mlango ya zahanati moja ambayo hadi leo ikilia wagonjwa wanasahau kinachowauma. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kuzifungua. Wapo wanaoniuliza, unawezaje kufungua kitu usichokijua? Huwa nawajibu, na wewe ulioaje?

Shemeji alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha sabuni. Alikaa humo tangu ana nywele mpaka hana. Kazi yake ilikuwa kupokea, kupanga na kutoa, na kwenye kutoa kulikuwa na sheria moja tu: kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Usije ukampa mtu katoni ya jana ukaiacha ya juzi. Sheria hiyo ilimwingia kwenye damu. Hata nyumbani, shati atakalovaa leo ni lile lililofuliwa zamani kuliko yote, na kijiko cha kukorogea chai anakichomoa chini kabisa ya kikapu, maana ndicho kilichooshwa mapema. Dada alikuwa akimtania kwamba bahati yake hakuoa wake wawili, angewagawia siku kwa tarehe ya kupokelewa.

Alipostaafu walimpa cheti, saa ya ukutani isiyotembea, na ile kompyuta aliyokuwa akiitumia, kwa sababu ofisi ilikuwa inaleta mpya na hakuna aliyejua pa kuitupa ya zamani. Ni zile nzito za enzi hizo: sanduku la bati lenye rangi ya meno ya mvuta sigara, kioo chenye kisogo kama televisheni za zamani, na kibodi ambayo herufi A imefutika kwa kudonolewa. Aliiweka kwenye chumba cha nyuma ambamo dada alikuwa akishonea. Cherehani ikasogezwa pembeni, ikafunikwa shuka, kompyuta ikakaa dirishani. Jioni anaketi pale na kucheza karata kwenye kompyuta. Anacheza peke yake na bado anafungwa. Mimi ningekuwa nimeshaihonga.

Baada ya msiba majirani walikuja, wakaja, halafu wakapungua, kama watu walivyo. Binti yake, mpwa wangu, anafanya kazi mji wa mbali na ana watoto wadogo wanaomng'ang'ania sketi. Hupiga simu kila Jumapili bila kukosa. Shemeji hujibu "nzuri", "nipo", "nimekula", mpaka simu yenyewe inakufa kwa njaa.

Basi siku moja simu yangu ikalia. "Shemeji," akasema. "Imegoma." Akakata.

Nilimkuta kasimama kwenye mlango wa chumba kile kama ndugu wa mgonjwa. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikainama chini ya meza: waya wa umeme nyuma ya sanduku ulikuwa umelegea, umebaki kushikilia kwa ncha. Nikausukuma, feni ikaanza kuvuma, kazi ikaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Nilijisifu sana siku ile. Nilimwambia kwamba angeita hawa mafundi wa madukani wangembadilishia mashine nzima na nyumba juu yake.

Ukapita muda. "Shemeji. Imegoma." Safari hii mashine inavuma vizuri lakini kioo ni cheusi tii. Ulikuwa waya wa kioo. Nikaurudisha, nikakaza skrubu zake mbili za pembeni, nikajisifu tena. Mara ya tatu mashine ikawa inalia pii, pii, pii, na hapo nikaona sasa tumeingia kwenye fani. Nikafungua bati. Kile kibao chembamba cha kumbukumbu, ambacho sisi mafundi tunakiita ramu, kilikuwa kimekaa upande upande. Nikakitoa, nikayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikakirudisha na kukikandamiza mpaka kikalia "ka" kwenye nafasi yake. Ikawaka. Shemeji alikuwa ameshika tochi muda wote huo, ananimulikia, macho hayabanduki mkononi kwangu. Mara moja tu alipeleka kidole kwenye kiswichi kilicho nyuma ya sanduku, nikampiga kofi la mkono na kumkataza asikiguse kamwe. Nikafurahi nimepata mwanafunzi. Sikujua kwamba namfundisha namna ya kuniita.

Maana baada ya ramu ilifuata betri, kile kidude cha duara kama sarafu kinachoitunzia mashine saa yake. Nilikikuta kimechomoka, kimelala chini ya bati kimetulia. Baada ya betri ukafuata waya wa diski. Na baada ya waya wa diski unajua nini kilifuata? Waya wa umeme nyuma ya sanduku. Kisha waya wa kioo. Kisha ramu.

Hata kichwa kigumu kama changu kina mlango. Kompyuta inayozeeka huharibika ovyo, leo hapa kesho pale, na inaweza kurudia ugonjwa uleule mfululizo mpaka uichukie. Haiharibiki kwa zamu kama walinzi wa geti. Siku hiyo nilikuwa chini ya meza, ramu mkononi, safi, haina hata vumbi, na skrubu za bati nilizikuta zimekazwa vizuri kuliko nilivyozikaza mimi. Nikamchungulia shemeji kati ya miguu ya meza. Alikuwa anamimina chai. Mtu aliyekaa stoo maisha yake yote hawezi hata kudanganya ovyo. Uongo wa kwanza kuingia ndio wa kwanza kutoka.

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na utani mtamu tayari umefika mdomoni, na wanaonijua wanajua kwamba utani ukishafika hapo haurudi. Ule ulirudi. Kwenye sinia aliweka vikombe viwili, na cha pili kilikuwa na vumbi ukingoni, limefutwa haraka haraka kwa kidole, likabaki upande mmoja. Kilikuwa hakijatumika tangu nilipokuja mara ya mwisho. Karani yule, katika nyumba ambayo kila kijiko kina zamu yake, alikuwa na kikombe kimoja ambacho zamu yake haifiki.

Nikairudisha ramu, nikajipiga kifua, nikasema hii ya leo ilikuwa kazi ngumu kweli.

Tangu hapo nilikuwa naujua ugonjwa kabla sijavaa viatu. Mke wangu ananiuliza, leo zamu ya nani? Namwambia betri. Ananiambia basi usichelewe, betri ni kazi ndogo. Namjibu kwamba inategemea fundi. Na fundi alikuwa anachelewa kwelikweli. Nilikagua kila kitu isipokuwa kile kilicholegezwa. Nilipima soketi kwa testa. Nilipuliza vumbi. Nilifungua feni ambayo haijawahi kumkosea mtu, nikaifunga, nikaitilia mashaka, nikaifungua tena. Kile kilicholegezwa nilikiweka cha mwisho kabisa, baada ya chai ya pili.

Ni pale nilipokuwa chini ya meza ndipo shemeji alipoongea. Uso wa mtu unamfunga mdomo, lakini akiona miguu tu anafunguka. Aliwahi kuiambia miguu yangu kwamba siku hizi anakula jikoni amesimama, kwa sababu ukikaa mezani peke yako unajisikia unavyotafuna. Siku nyingine aliiambia kwamba redio anaiweka kwenye stesheni isiyoshika vizuri, ile yenye mikwaruzo, kwa kuwa inafanana na mtu yuko chumba cha pili anahangaika kutafuta kitu. Siku hiyo nilikaa chini ya meza muda mrefu sina kazi yoyote, nimeshika bisibisi, nasubiri macho yakauke nitoke na sura ya kifundi.

Kisha mpwa wangu akaja kumtembelea baba yake, na akamletea kompyuta mpya, bapa kama sinia. Nilikuwepo. Alimwekea baba yake mapajani, akamshika kidole akakiweka kwenye kitufe, ikawaka bila hata kukohoa. Akanigeukia na furaha yote ya mtoto aliyemfanyia mzazi jambo jema.

"Mjomba, hii haihitaji fundi. Haina hata mahali pa kufungua."

Nikamwambia kitu kisicho na mahali pa kufungua kinaitwa jiwe. Akacheka. Akasema ile ya zamani atakuja na gari Jumamosi ya mwisho wa mwezi aiondoe, inajaza chumba bure na kila siku ni mgonjwa. Halafu akaongeza, kwa heshima yangu, "Labda kama mjomba bado ana kazi nayo."

Shemeji alikuwa anatazama viatu vya binti yake.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Jumamosi ikifika na mimi sina kazi na ile mashine, inaondoka. Ikiondoka, shemeji hana tena sababu ya kunipigia simu, na bila sababu hawezi. Mtu yule anaweza kufa simu ikiwa mkononi, bado anatafuta kisingizio cha kukuambia kwamba anakufa. Binti hakulijua hilo. Nami ningemwambiaje? Nimwambie mtoto kwamba baba yake, mtu mzima mwenye cheti cha utumishi bora, anachomoa nyaya ili apate wa kunywa naye chai? Mimi sina breki mdomoni, nakiri, lakini kuna aibu za watu ambazo hata mimi nazizunguka.

Nikasubiri simu. Kwa hesabu zetu ilikuwa zamu ya waya wa diski, na nilishaanza kujipanga namna ya kuufanya waya wa diski uwe ugonjwa wa mwezi mzima. Siku zikapita, kimya. Simu ikaja Ijumaa, Jumamosi yenyewe ni kesho yake.

"Shemeji," akasema, na sauti ilikuwa imekauka. "Imelia. Imelia kama bunduki."

Waya wa diski haulii. Nilitoka kamba za viatu zikiburuta.

Harufu nilikutana nayo getini, ile ya plastiki na nywele zilizoungua ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Umeme wa nyumba nzima ulikuwa umekatika, swichi kuu imeruka. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono ameiweka magotini, viganja juu, kama mtu anayesubiri kuvikwa pingu. Nikamgeuza mikono, nikamtazama usoni. Hakuwa ameumia. Nikaingia, nikachomoa waya ukutani kwanza, maana fundi asiyeanza hapo anamalizia hospitali, kisha nikalibeba sanduku mpaka nje kwenye mwanga na kuligeuza mgongo.

Nyuma ya sanduku, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, kuna kiswichi kidogo chekundu. Kina namba mbili, kubwa na ndogo. Kikiwa kwenye kubwa, mashine inajua itapewa umeme huu wetu wa kawaida. Ukikisukuma kwenye ndogo inajiandaa kupokea nusu yake, halafu wewe unaipa wote. Ni kama kumwambia mtu akae tayari kudaka chungwa kisha ukamrushia tofali. Kiswichi kile kilikuwa kwenye namba ndogo.

Nikafungua. Lile sanduku la ndani linalogawa umeme lilikuwa limeungua lote, vidude vyake vya duara vimevimba, kimoja kimepasuka kichwa na kutema masizi mpaka kwenye feni. Nikakaa chini.

"Hiki nilikukataza," nikamwambia.

"Ulinikataza."

"Nilikupiga kofi la mkono kabisa."

"Ndiyo nikajua ni kikubwa," akasema. "Nilitaka kitu kikubwa kidogo. Cha wiki mbili tatu. Mtoto akija akute uko nayo kazini."

Alikuwa amemaliza. Kumbe ndani ya mtu yule kulikuwa na sentensi ndefu namna hiyo. Nikakitazama kiswichi, yeye akaitazama bisibisi yangu, kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo muda mrefu.

"Ulijua lini?"

"Mzunguko wa pili."

Akafikiri. "Kwenye ramu."

"Kwenye ramu."

"Na ukawa bado unakuja."

"Sasa ningefanyaje, na wewe chai yako nzuri hivyo?"

Hakucheka. Chai yake ni mbaya, anaijua mwenyewe. Majani anayoweka kwanza ni yale ya zamani.

Nikaona nimshike kabla hajazama. Mimi kwa kumtoa mtu majonzi nina kipaji, ndiyo maana misibani nakaribishwa mbele. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata chembe. Chini ya daraja kuna mafundi wanaouza vipande vya kompyuta zilizokufa, nitapata kigawa umeme kingine kilichotumika, rangi za nyaya zake zote nazijua kwa moyo. Tena leo hii nitaifungua yote, kila skrubu mezani, kibati kwa kibati, ili binti akija kesho asipate hata pa kuishika. Nikamwambia naweza kuitengeneza mwaka mzima isipone. Si kila fundi anaweza hilo.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akimsikiliza dada. Kisha akanitazama. Usoni, nasema, si viatuni.

"Usiitengeneze, shemeji."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kuiharibu."

Halafu akanisimulia, mimi niko mbele yake, polepole, akipumzika katikati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi. Alisema akitaka niende, anaingia chumbani anafungua bati, analegeza kinachotakiwa kulegezwa, anafunga. Kisha anakaa kwenye kiti simu ikiwa mkononi. Hapo ndipo haya zinapomshika. Anajiona kama mwizi aliyevunja nyumba yake mwenyewe na hakupata cha kuiba. Mara nyingine ananipigia. Mara nyingine anaona hapana, huyu ana watu wake, ana kazi zake, nitamsumbua hadi lini, basi anafungua tena bati, anarudisha kila kitu mahali pake na kucheza karata.

Nikamuuliza zipi zilikuwa nyingi, siku alizonipigia au alizorudisha.

"Za kurudisha," akasema.

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kubishana na karani wa posta mpaka akafunga dirisha kabla ya wakati. Pale nilichukua kitambaa nikaanza kufuta masizi kwenye mashine iliyokwisha kufa, nikaifuta mpaka ikang'aa, kwa sababu mikono ilitaka kufanya jambo. Alipoona nimefika kwenye kibodi akaniletea maji kwenye bakuli. Tukaifuta wote wawili. Kisha nikaiwasha swichi kuu ya nyumba, taa ikawaka jikoni, nikaondoka.

Jumamosi mpwa wangu alikuja na watoto, wakaingia mbio, wakasimama ghafla mlangoni wakishika pua. Mama yao akauliza hii harufu ya nini. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye istilahi ndani yake. Shemeji akanikata.

"Niliiunguza mimi," akasema. "Niligusa kitu nisichokijua."

Binti akamkumbatia, akasema afadhali haikumuunguza yeye. Hakuuliza zaidi, na kwa nini aulize? Alibeba sanduku, mimi nikabeba kile kioo chenye kisogo, tukavisukuma nyuma ya gari kati ya mabegi ya watoto. Walikula, watoto wakapigania mto wa kochi, mkubwa akamfundisha babu yake namna ya kucheza karata kwenye ile kompyuta bapa. Babu akafungwa humo pia. Mchana ukasogea, binti akatazama saa, barabara ni ndefu, na kuna shule ya watoto na kazi yake ya kujiandalia. Akamwambia baba yake sasa huna wasiwasi tena, na alikuwa anamaanisha. Shemeji akasema sawa, akasema nzuri, akasema wasalimie huko. Gari likakata kona.

Tukarudi chumba cha nyuma, sijui kufuata nini. Pale dirishani lilikuwa limebaki umbo safi la pembe nne kwenye meza, na kulizunguka vumbi la miaka. Shemeji alichukua kitambaa, akafuta vumbi lote, meza ikawa meza tu, ndefu kuliko nilivyoikumbuka. Akasimama katikati ya chumba. Nikaona nisikae, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikae, na hakukuwa na kitu cha kuinamia.

Akanisindikiza getini. Kila mara tulipofika pale alikuwa na maneno yake ya kuagana, hayabadiliki: "Ikigoma nitakupigia." Nami nilikuwa namjibu haitagoma, nimeifunga kifundi, tukaachana kila mtu na uongo wake. Sasa tulifika getini, na maneno hayo hayakuwa na mwenyewe. Akafungua mdomo, akaufunga. Akashika komeo la geti, akalisukuma ndani, akalivuta nje. Nilikuwa na sentensi kama kumi za kumsaidia, zote nzuri, na nyingine zina utani wa kuvunja mbavu. Nikaziuma. Kama kuna kazi ngumu niliyowahi kuifanya kwenye nyumba ile, ni hiyo ya kusimama pale nimefunga mdomo wangu mwenyewe na kumwacha mtu atafute maneno yake.

"Alhamisi," akasema.

Nikangoja.

"Alhamisi nitakuwepo."

Mtu ambaye tangu astaafu hajawahi kuwa mahali pengine popote ananitangazia kwamba Alhamisi atakuwepo. Nilimwambia nitatazama kama nina nafasi, unajua mimi shughuli zangu zilivyo. Akaitikia kwa heshima, akafunga geti, nikasikia hatua zake zikienda ndani taratibu, na mlango ukichukua muda mrefu kufungwa.

Alhamisi nilikwenda. Sikubeba mfuko wa vifaa, na njia nzima mkono wangu wa kulia ulikuwa haujui ushike nini. Nilimkuta ametoa viti viwili barazani, vyote vinatazama barabara, na yeye amesimama kando yake kana kwamba viti ndivyo wenyeji na yeye ni mgeni. Tukasalimiana, akauliza hali ya watu wangu wa nyumbani mmoja mmoja, nikamjibu mmoja mmoja. Tukaketi. Akapita mtu na baiskeli akatusalimu, tukamwitikia kwa pamoja. Halafu pakawa kimya. Kilikuwa kimya kikubwa, nikasikia hata kola ya shati lake ikisugua shingo alipogeuka kunitazama na kugeuka tena mbele.

"Shemeji," akasema. "Kwani watu huwa wanafanya nini?"

"Watu wapi?"

"Wakikaa hivi."

Nilitaka kumpa jibu la maana, mimi nisiyekosa jibu. Nikajikuna kidevu, nikatazama barabara, nikarudi mikono mitupu.

"Sijui, shemeji," nikamwambia. "Wengi nadhani wanakaa tu."

Akalitafakari jibu hilo. Kisha akasogeza kiti chake kidogo kutoka kwenye jua, akanionyesha kwa kidole kwamba na changu nisogeze.